Umewamaliza Waume

Mbegu zilikuwa sita. Mama alitoka nazo kijijini kwake Ipililo amezifunga kwenye pindo la kanga, siku nilipomchukua hospitali ya huko kumleta kwangu Bariadi. Alikuwa ameacha kula. Uji anasukuma pembeni, wali anasukuma. Nikanunua boga sokoni, akalitema.

"Haya maji matupu. Nipandie langu, la mama yangu. Hilo nitakula."

Kijijini jua lilikuwa limekaanga kila kitu misimu miwili mfululizo. Zile sita ndizo zilizobaki.

Mimi ni mpangaji, uwanja wangu wote saruji. Nikapanga matofali, nikapata matuta mawili ya kufika magotini, nikajaza udongo na samadi ya ng'ombe. Mbegu nne zikaoza. Ya tano ikafukuliwa na kuku wa jirani, kuku yule Mungu anamjua. Ikaota moja. Moja! Niliilinda kama yai.

Ikatambaa mpaka ikavuka matofali. Redioni nilikuwa nimesikia kwamba boga la kwenye tuta dogo lazima lipogolewe, uondoe visivyozaa. Basi mjuaji mimi nikachukua wembe. Kulikuwa na maua mengi yamesimama kwenye vikonyo virefu, chini yake hamna kitunda. Nikasema haya yanakula nguvu bure. Kila asubuhi nikayakata yote, nikabakiza yenye vitunda tu. Kitunda cha kwanza kikageuka njano, kikadondoka. Cha pili kikadondoka. Cha tatu pia.

Mama alikuwa mkekani ananitazama, mifupa ya mabega imetokeza kwenye gauni.

"Ng'wanone," akaniita, mwanangu, "unatupa nini huko?"

Nikamwonyesha. Akacheka mpaka akakohoa.

"Umewamaliza waume! Sasa hawa wake watazaa na nani?"

Jamani. Yeye alicheka, mimi nililia. Lilikuwa limebaki ua jike moja, la kufunguka kesho yake, na dume hata moja hakuna.

Kulipokucha nikapita nyumba kwa nyumba. "Mwangaluka, mayu," nawaamkia akina mama. "Naomba ua la boga, lile lisilozaa." Wengine waliniangalia kama nimerukwa na akili. Mama mmoja, boga lake limepanda hadi juu ya paa la choo, akanichumia mawili, akaniuliza kama naenda kupika mboga. Mimi nilikuwa tayari nakimbia kabla jua halijakaza. Nikayachana, nikapaka ule unga wa njano ndani ya ua letu.

Kikashika! Nilipiga vigelegele peke yangu uwanjani.

Kikafika ukubwa wa ngumi. Boga linataka wiki nyingi likomae, na mama kufikia siku hiyo hakuweza tena kukaa bila kuegemezwa. Nikamwambia avumilie, likikomaa tutapata na mbegu.

"Kata."

"Mama, mbegu je?"

"Niliahidi kula. Sikuahidi kungoja."

Nikalikata kwa wembe ule ule. Nilipolipasua, mbegu zilikuwa laini kama makamasi, hazijawa mbegu. Nikachemsha kwa chumvi, nikaponda, nikamlisha. Kijiko cha kwanza alimeza. Cha pili na cha tatu akameza. "Tamu," akasema. Cha nne akanishika mkono, akakielekeza kwangu.

"Onja na wewe, ulijue."

Nikaonja. Lilikuwa changa mno, halina ladha yoyote. Nikamwambia ni tamu.