Fundi wa Majeneza ya Bure

Anayegawa unga hakosi wageni. Anayegawa sukari huitwa baba hata na waliomzidi umri. Fundi Vipimo aligawa majeneza, na anayegawa majeneza hakaribishwi chai.

Alianza miaka ishirini nyuma, kwa sababu ya nafasi tu. Vipande vya mbao vilivyobaki kwenye vitanda na makabati vilikuwa vimejaa karakana, hata pa kuweka mguu hapana. Siku hiyo mfagizi wa hospitali ya mtaa wa pili akaja kuuliza kama kuna ubao wa kumzikia mzee mmoja aliyefariki bila ndugu. Fundi akakumbuka alivyozikwa mama yake, katika makasha ya sabuni, ubavuni pameandikwa "Weka mbali na unyevu." Hakulia, hakuwa mtu wa kulia. Alichukua randa. Tangu hapo hakuna fukara wa mitaa ile aliyezikwa bila sanduku lililopigwa msasa ndani na nje.

Watu walimshukuru kwa mbali. Tatizo lilikuwa macho yake. Hakutumia futi, akikutazama mara moja, utosini mpaka kisiginoni, amekwisha kukujua urefu. Akiingia dukani kununua chumvi, wateja walijikunja.

"Fundi, tazama huko," muuza duka alimwambia. "Mimi bado nasomesha."

Wakacheka wote, naye akacheka, akaenda nyumbani kula peke yake. Mkewe alikuwa ametangulia siku nyingi. Binti yake aliolewa mbali, na kila akipiga simu alikuwa na haraka.

Aliyebaki ni muuza mbao. Kwa miaka thelathini, kila Jumamosi asubuhi, waligombania bei.

"Mwizi mkubwa wewe," Vipimo alizoea kusema.

"Wewe mdogo. Unaiba kwa inchi."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake ya wiki nzima. Kisha muuza mbao akaugua ini, akawa wa kitandani nyumbani kwake.

Vipimo akaenda na machungwa kumi. Mke wa mgonjwa alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu.

"Amelala, shemeji."

"Nitamsubiri aamke."

"Akiamka atalala tena." Akashusha sauti. "Nisamehe. Wewe ni mtu mwema, kila mtu anasema. Lakini ukiingia humu, majirani wataanza kuazima viti vya matanga."

Machungwa aliyapokea. Mara ya pili ikawa vilevile. Mara ya tatu sauti ilitoka chumbani, nyembamba lakini kali.

"Mwacheni aingie. Mnanificha mwizi wangu wa nini?"

Vipimo akaketi kando ya kitanda, akatazama dirisha, akatazama dari, akasoma chupa za dawa moja moja. Macho yakamponyoka.

"Umeshanipima," alisema muuza mbao.

"Sikukusudia."

"Haya, nikoje?"

"Umepungua."

"Basi punguza na mbao. Sikiliza. La bure wape wasio na watu. Mimi nina mke, nina duka. Nitajie bei."

Vipimo alikuwa amekuja kumwambia kwamba jeneza lake litakuwa la mbao za mkangazi, bila malipo. Maneno hayo aliyapanga njia nzima. Akayameza. Bei ikikubaliwa leo, kesho atabisha hodi hapa kwa sababu gani? Akataja bei ya kabati la milango mitatu lenye kioo.

Muuza mbao akajiinua kwa kiwiko. "Nazikwa au nahamia?"

"Ni mkangazi huo."

"Mkangazi ulionunua kwangu. Toka. Rudi kesho na akili zako."

Mke, aliyekuwa akisikiliza nje ya mlango, akaleta chai, vikombe viwili. Ugeni angeweza kuukataa. Kwa biashara ya mumewe hakuwa na la kusema.

Vipimo alirudi kila siku, wiki mbili. Alishuka kwa shingo upande, na alichoshusha leo alikipandisha kesho kwa kisingizio cha misumari. Vishikio walivigombania siku mbili, kitambaa cha ndani siku nzima. Hakuwahi kuuza kitu kwa ujinga namna ile, wala kwa raha namna ile.

Siku ya kumi na tano alimkuta muuza mbao amegeukia ukuta. Akaketi, akakohoa, na kwa uchokozi akairudisha bei kule juu ilikoanzia. Akangoja matusi.

"Sawa," alisema muuza mbao. "Nimekubali."

"Hujanisikia. Na vishikio juu yake."

"Nimekusikia."

"Niombe nipunguze basi, hata kidogo. Sema neno."

Muuza mbao akatoa mkono nje ya shuka, kama mtu anayefunga mapatano. Vipimo akaupokea. Ulikuwa mwepesi kama ufito. Aliushika mpaka ukalegea kwa usingizi, akaurudisha chini ya shuka, akaaga.

Karakana aliifungua milango yote miwili ili apate mwanga, akalaza ubao wa kwanza wa mkangazi mezani, akaanza kupiga randa. Waliokuwa wakipita walimwona, wakavukia upande wa pili wa barabara.