Mbili, Alhamdulillahi

Mgonjwa wangu wa kwanza nilimsikia kabla ya kumwona. Nyuma ya pazia la kliniki ya wanawake, mjini Garissa, mtu alivuta pumzi kupitia meno, akaizuia, akaiachilia polepole, kama anayepandisha ndoo kisimani asitake imwagike. Muuguzi Mkuu akanipa kalamu.

"Muulize maumivu yake ni namba ngapi. Sifuri, hakuna. Kumi, hayavumiliki."

Mwanamke akasema mbili. Nikaandika mbili.

Maumivu sugu ya nyonga, yale yanayokaa miezi na miezi chini ya kitovu, mara nyingi hayaonekani kwenye picha wala kwenye damu. Kipimo ni kinywa cha mgonjwa, na kwetu kinywa hutanguliza shukrani. Mama atokaye kijijini Balambala atamshukuru Mungu kwanza, kisha atafute namba ndogo isiyofanana na manung'uniko. Kwa hiyo nilijifunza kuuliza mambo mengine. Mbuzi unakamua mwenyewe? Ukisujudu, unainukaje?

Mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja Habiba, na mama mkwe wake. Daktari alikuwa akiwapa rufaa ya Nairobi wenye saba kwenda juu tu.

"Mbili, alhamdulillahi," akajibu mama mkwe.

"Hooyo, mama yangu, namuuliza yeye."

"Mimi nimezaa nyumba nzima, na hakuna aliyenipima!"

Habiba akacheka, kicheko kikakatika katikati. Nikamgeukia. "Abaayo, dada yangu, ukisujudu unainukaje?"

"Siku hizi naswali nimekaa."

Mama mkwe akamtazama. "Si ulisema ni magoti?"

"Nilisema magoti."

Nikaandika nane.

"Andika mbili, sista," Habiba akanisihi. "Hiyo nane itafika nyumbani kabla yangu. Mume wangu akisikia siponi, ataoa mwingine."

Nilimtazama mama mkwe, nikingoja akane. Alikuwa akipanga upya shanga za tasbihi mkononi.

Sasa nimestaafu. Wauguzi vijana wana vipimo vizuri kuliko vyetu, vinavyouliza usingizi, mkojo, hata unyumba. Nawaambia waulize yote, lakini wajue kuna jibu ambalo mgonjwa hawezi kwenda nalo nyumbani.

Siku ile Habiba aliinuka kwa pumzi ile ile ya mgonjwa wangu wa kwanza, kupitia meno. Barua ya rufaa, aliyoiandika daktari kwa ile nane yangu, akaiacha juu ya kiti. Mama mkwe akaitazama, akanitazama mimi, akaiacha palepale, akamfuata, akaufunga mlango nyuma yake.