Wembe wa Siku ya Saba

Baba alikuwa kinyozi karibu na msikiti mjini Kitale, na watoto wa mtaa mzima yeye ndiye aliyewanyoa siku ya saba baada ya kuzaliwa. Nilipotoka Bungoma kwenda kujifungua nyumbani, hakuna aliyeuliza nani angemnyoa mwanangu. Ila sasa saratani ilikuwa imemwingia baba mifupani, na hospitali ilimpa mofini ya maji, anywe kila baada ya saa nne.

Dawa ilimwondolea maumivu, ikaondoka na mikono yake pia. Vifungo vya shati alivifunga upandeupande. Kikombe cha chai alikiweka hewani, pembeni mwa meza, akashangaa kikivunjika. Akitembea, miguu ilimfuata kwa kuchelewa. Siku ya sita tangu nijifungue, nilimnyoa ndevu mimi mwenyewe. "Kinyozi hajinyoi," akasema, akasinzia tukiwa katikati ya kidevu.

Na huyo ndiye aliyekuwa akinoa wembe kwa ajili ya utosi wa mwanangu, unaopwitapwita chini ya ngozi laini.

Nilimkasirikia mama kwa kunyamaza. Nilimkasirikia baba kwa ubishi wake, na nafsi yangu zaidi, kwa kuwa sikuthubutu kumwambia hapana. Asubuhi ya siku ya saba nilimmiminia baba dawa kwenye kikombe chake kidogo, nikaenda kumwosha mtoto nikiomba Mungu mzee alale hadi adhuhuri. Wapi! Nilimkuta kitini, macho wazi kabisa.

"Leta mtoto, mama." Aliniita hivyo kwa kuwa nilirithi jina la mama yake.

"Baba, si tungoje kidogo? Umekunywa dawa saa hii tu."

"Ati tungoje? Wewe mwenyewe nilikunyoa na hii mkono. Leta, bana."

Nikampakata mtoto, kiganja kimoja tayari kumdaka baba mkono. Wembe ukagusa paji la uso. Ukapanda, ukazunguka utosi polepole, ukashuka kisogoni. Damu haikutoka hata tone. Kilichodondoka ni jasho la baba, na meno yake niliyasikia yakisagana. Nilidhani ni hofu kama yangu.

Akaweka wembe chini. "Sasa nipe dawa yangu. Iko nyuma ya redio."

Nyuma ya redio nilikuta kile kikombe cha asubuhi, hakijaguswa. Nilipompa, mkono uleule ulitetemeka ukashindwa kukishika. Nikamnywesha mimi, nikilia, mtoto amelala mapajani mwangu.