Mbege Ndani ya Faili

Ofisi yetu ya kahawa hapa Moshi ilipopata kompyuta, mimi karani nikajifunza XML, lugha ya kupanga taarifa kwa lebo, kwa kitabu cha fotokopi. Niliipenda, kwa sababu ilifanana na kihamba, shamba letu la ukoo: unafungua lebo ya kijiji, ndani yake mkulima, ndani yake kilo zake, kisha unafunga kila lebo kama geti. Kitabu kilisema pia kuna maelezo ya pembeni ambayo kompyuta huyaruka. Nikaelewa kwamba hakuna atakayeyasoma.

Basi asubuhi moja ukungu ukateremka mlimani hadi dirishani, nami nikawa naota macho wazi. Kando ya jina la Mzee Aloisi wa Kibosho nikaandika: "Baba yake Anjela. Krismasi nampelekea mbege, pombe yetu ya ndizi, ya posa, asiponifukuza."

Nikapeleka disketi yenye faili hilo Kibosho. Katibu wa kule hakuwa na programu yetu ya kuficha maelezo ya pembeni, akachapa faili lote lilivyo. Jumapili baada ya misa, nami nikiwepo, akawasomea wakulima ili wahakiki kilo zao, neno kwa neno, hadi mbege yangu.

Mzee Aloisi akageuka kunitafuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Anjela mwenyewe umeshamwambia?"

Sikuwa nimemwambia. Anjela alikuwa amesimama kando ya baba yake, amesikia yote.