Ufunguo wa Masinia

Bi Chiku binti Fikirini alikuwa mkali, na Mtaa wa Narung'ombe wote ulilijua hilo. Ufunguo wa stoo ya vyombo aliufunga kwenye pindo la khanga yake, na pindo hilo hakuligusa mtu mwingine. Stooni mlikuwa na masinia, masufuria na mabusati ya mtaa, yaliyochangwa na kina mama tangu enzi za foleni za sukari. Mwenye harusi au msiba aliazima bure, ila bure hiyo ilikuwa na sharti lake: Jumapili ya baada ya shughuli, watu wa nyumba yake walishika machepe wakazibua mtaro wa mtaa. Hakuna aliyeajiriwa wala kulipwa. Na kwa kuwa Kariakoo haikosi shughuli, mtaro nao haukukosa watu.

Ilipokuja ruksa ya kuingiza bidhaa, maduka yakafurika. Kanubhai, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akaanza kuuza sahani za plastiki za kutupa. Bi Chiku akawa anazitazama kama anayemtazama mke mwenza.

"Kanubhai, hizi watu wakishazilia chakula zinaenda wapi?"

"Zinatupwa, Bi Chiku."

"Wapi?"

Kanubhai akacheka tu. Mtaa uliendelea kula kwenye masinia, wengine kwa kupenda, wengine kwa kumwogopa yule mama.

Kisha mumewe Hashimu akafariki. Alikuwa mchuuzi wa samaki soko la Feri, mtu mpole, na ndiye aliyekwangua alama ya mtaa kwa msumari chini ya kila sinia. Alitoka alfajiri akiwa mzima, akarudishwa mchana amefunikwa shuka. Bi Chiku akavaa nyeupe, akakaa eda: miezi minne na siku kumi asitoke nje.

Siku ya hitima, pilau lilikuwa limeshaiva kina mama walipoukumbuka ufunguo. Uko pindoni kwa mfiwa!

"Nani atamwendea mtu na msiba wake amwambie fungua pindo?" alisema Sabaha, shoga yake wa miaka mingi. "Mimi siwezi."

Kanubhai, aliyempenda Hashimu kwa dhati, akaleta maboksi ya sahani zake bila kutaka malipo. Yalikuwa mapenzi matupu. Bi Chiku alipoletewa pilau chumbani kwenye sahani ile, moyo ulimwuma, lakini alikula na akashukuru. Angesema nini?

Basi lililofanyika msibani kwa Bi Chiku likawa ruhusa kwa kila mtu. Harusi iliyofuata ikaliwa kwenye sahani za kutupa, na hitima iliyofuata vilevile. Kwa kuwa hakuna aliyeazima, hakuna aliyedaiwa chepe. Jumapili zikapita, na mtaro ukashiba plastiki. Bi Chiku aliyasikia yote kutoka dirishani, na kutoka nje hakuweza.

Masika yakaanza. Maji yalikosa njia, yakaingia dukani kwa Kanubhai, yakaingia na chumbani kwa Bi Chiku, sahani zilezile zikielea juu yake. Msala wa kuswalia wa Hashimu, aliouacha umekunjwa pale alipouweka mwenyewe, ukaloa maji machafu. Hapo Bi Chiku alilia kilio ambacho hata siku ya maziko hakukilia.

Urmila, mkewe Kanubhai, aliingia akiwa amepandisha sari hadi magotini. Akauokota msala, akaanza kuukamua taratibu.

"Dada Chiku, zile sahani tulileta sisi. Tulikuonea huruma."

"Najua. Lakini mngeniomba ufunguo."

"Nani akuombe? Hata kabla ya msiba tulikuwa tunakuogopa."

Miaka yote Bi Chiku aliamini mtaro ule unasafishwa na mtaa, kumbe ulimtegemea yeye na ukali wake. Akaingiza vidole kwenye pindo, akalifungua.

"Utundike dukani kwenu, kwenye msumari wa mlangoni. Anayetaka achukue. Sharti wanalijua."

Eda ilipokwisha, alioga, akavaa buibui, akatoka. Alitaka kuwalisha watu na kumwombea dua marehemu. Mtaro ulikuwa unapitisha maji, ingawa tope lilirundikwa ukingoni hovyo hovyo, jambo ambalo yeye asingelikubali. Dukani sahani za kutupa bado zilikuwapo, maana biashara ni biashara. Msumari ulikuwa mtupu.

"Ufunguo uko wapi?" aliuliza.

"Kwa Sabaha," alijibu Urmila. "Vyombo viko shughulini leo, dada. Itabidi usubiri zamu."

Bi Chiku alifumbua mdomo akaripie, kisha akaufumba. Asubiri zamu, yeye! Habari hiyo alitamani kumsimulia mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa ameshazikwa. Machozi yalimlengalenga.

"Basi nipe chepe," alisema. "Nitangulie kulipa."