Hewa Iliyosimama Juu ya Kabondo

"Tonton, hewa ikisimama, moshi inaendaka wapi?"

Benie alikuwa mtoto mdogo alipouliza hivyo, juu ya paa la jengo moja la mtaa wa Makiso, katikati ya mji. Tonton Ismaël, ndugu wa mama yake, alikuwa amekabidhiwa na watu wa université chombo kilichofungwa kwenye mlingoti. Kilipima jinsi hewa inavyopanda, kushuka na kujikoroga juu ya mji. Hewa ikijikoroga, moshi hutawanyika.

"Bon, ngoja nipime kwanza," Ismaël alicheka. "We mutoto unauliza kama inspecteur."

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Mashamba yalichomwa kando ya barabara ya Banalia, matanuru ya matofali yakafuka, na asubuhi mtaa wa Kabondo, walikoishi, ulimezwa wote na moshi. Ismaël akafurahi. Moshi wa namna ile ndio waliokuwa wakiungoja yeye na watu wa université miaka yote, na chombo kikizibwa na masizi, kazi yote imekwenda na maji. Kila kukicha alipanda kukifuta. Nyumbani, mkewe Célestine, mgonjwa wa pumu, alilala ameketi.

"Unaenda tena?" Célestine alimuuliza. "Kule juu uko na bibi ingine?"

"Hewa iko nalala, Célestine. Ikiamuka, hatutaipata tena."

"Mi pia niko nalala mubaya. Unipime basi."

Benie alicheka. Célestine naye alicheka, mpaka kikohozi kikamkata.

Célestine alikuwa apelekwe hospitali. Ismaël akasema kesho, moshi ukipungua. Kesho yake mama yake Benie ndiye aliyempakia wifi yake kwenye toleka, baiskeli ya kubeba abiria, akikimbia kando yake huku amemshika mgongo, na mwendeshaji akikanyaga polepole kwa sababu njia haikuonekana. Ismaël aliitwa kutoka paani. Alipofika, walikuwa wameshamfunika shuka.

Vipimo vya hewa vilitoka vizuri. Watu wa université walimpongeza mbele ya wenzake.

Sasa Benie yuko humanités, shule ya sekondari, anasoma fizikia. Kiangazi kilichopita alimpandishia tonton wake paani chikwangue ya muhogo na samaki. Mji ulikuwa umeanza kufifia kwa moshi chini yao. Ismaël alikuwa akikaza waya, akasema bila kugeuka:

"Uliniulizaka moshi inaendaka wapi. Haiendake fasi yoyote. Inashuka kwa watu, inakaa nao mu nyumba. Nilijua ile mbele Célestine afe. Kila asubuhi nilikuwa naiona mu machine, na nilikuwa nabakia huku juu."