Picha Zilizotakata

Joanitha Kyaruzi hajui kukaa. Mpe kiti, atakikalia ukingoni kama mtu anayesubiri jina lake liitwe hospitali. Chai yake hupoa, na kabla hujamaliza kumsimulia jambo amekwisha simama kuchungulia kama mvua inakuja. Mimi naitwa Nuriat, nashona nguo mtaa wa pili kutoka kwake hapa Bukoba, na namjua tangu tukiwa wasichana. Zamani hakuwa hivyo. Alikuwa mvivu mwenye heshima zake, mtu wa kulala mchana na kuamka kuuliza kuna nini cha kula. Mto Kanoni ndio uliomwamsha.

Mwaka ule mto ulipofurika, maji yaliingia kwake hadi kiunoni. Yakabeba godoro, redio, maharage ya msimu mzima na kabati dogo la sebuleni. Godoro tulilikuta baadaye limenasa kwenye mti. Kabati hatukuliona tena, na ndani yake ndimo ilimokuwa albamu yenye picha za Kemilembe, mwanae wa pekee, aliyekufa kwa malaria akiwa na miaka minne, enzi ambazo simu zetu zilikuwa za kupigia tu.

"Nuriat, nimeanza kumsahau uso," aliniambia siku moja tukizoa tope sebuleni kwake. "Jana nimefumba macho nikaliona gauni lake. Nikaona na mikono. Uso sikuuona."

Nikainama nikaendelea kuzoa tope.

Wakati ule ule Anatory alikuwa anapita mitaani karibu atokwe na machozi. Mzee huyu alikuwa na studio ya picha miaka mingi, simu zikaja zikaiua, na sasa alikuwa anaona watu wanatupa jalalani albamu zilizoloa. Akatangaza kanisani kwao, na mtu akaleta habari hadi msikitini kwetu: anayeweza kujitolea, aje na beseni. Tukajikusanya, watu wazima watupu, wengi wanawake, na Jumamosi tukawa tunakwenda nyumba kwa nyumba kusafisha picha za watu.

Kazi yenyewe ni ya subira. Unajaza beseni maji safi ya baridi, unailaza picha humo, unaacha tope lijiachie lenyewe. Likigoma, unaligusa kwa ncha ya kidole. Kisha unaitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, kivulini. Husugui. Picha iliyogandamana na kioo cha fremu huibandui, unaipiga kwa simu ikiwa na kioo chake, basi. Anatory alikuwa anasema rangi ya picha iliyoloa imelainika kama utando wa maziwa, ukiugusa vibaya unakuja wote. Tulikuta nyumba moja walizianika juani mkeka mmoja na kahawa, zikajikunja vibaya, mwenye nyumba bado anazigeuza kwa mkono kama buni. Tulicheka mpaka barabarani.

Wengine tulikwenda kusaidia. Joanitha alikwenda kutafuta, na wala hakulificha. Kwetu huku mgeni akifika, kabla ndizi hazijaiva anapewa albamu atazame. Akiipenda picha, anaichomoa: "Hii naondoka nayo, ukumbusho." Ukimnyima, utasemwa na ukoo mzima. Ndiyo maana albamu za Wahaya zina mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Joanitha alikumbuka kwamba picha za Kemilembe nazo zilichomolewa, na waliozichomoa alikuwa anawajua.

Basi akawa hatulii. Kule Nyanga alifungua albamu ya watu kabla salamu hazijaisha, Anatory akamkemea mbele yetu kwamba ile ni nyumba, siyo soko. Kule Kahororo alimkuta jirani yake wa zamani, akaambiwa picha iliondoka na mume, na mume aliondoka na mwanamke mwingine. Kule Izimbya kwa binamu yake, mchwa walikuwa wamekula albamu yote, jalada na vyote. Siku hiyo aliosha kwa hasira picha za binamu wengine wa pale pale, akatoboa moja kwa kucha, Anatory akamnyang'anya beseni. Mimi nilimwambia apumzike, dunia haiishi leo. Akanijibu kwamba mimi nina wanangu wote kwenye simu. Nilikasirika, lakini alikuwa anasema kweli.

Akabaki shangazi yake mmoja wa Muleba, Ma Edvina, dada wa baba yake. Huyo Joanitha aliogopa kumuuliza. Akimuuliza akaambiwa haipo, ingekuwa imekwisha.

Kisha upepo wa mvua ukapita vijiji vya juu kule Muleba na kung'oa mabati. Nyumba ya Ma Edvina ilikaa wazi mvua ikinyesha ndani, mpaka vijana wa ukoo wakapata kuiezeka upya. Joanitha akapiga simu kwa jirani wa shangazi, maana shangazi mwenyewe simu haijui. Nilikuwapo. Alikuwa anazunguka cherehani yangu huku anapiga kelele kwenye simu: "Muulize picha ya Kemilembe, ile ya ukutani, ipo?" Jirani akaenda kuuliza, akarudi na jibu: ipo, imechafuka tu, shangazi anasema karibuni sana, atafurahi kupata wageni wa mjini. Joanitha akanikumbatia, akakumbatia na mteja wangu aliyekuja kupima sketi.

Alipompelekea Anatory habari, mzee akamuuliza swali moja tu. "Umewaambia wasiiguse?"

Joanitha akapiga tena. Simu ya jirani ilikuwa imezimwa. Akapiga jioni, akapiga asubuhi, akapiga hadi tunapanda gari. Tuliazima Noah ya parokia, tukapakia mabeseni, na njia nzima alikuwa ameketi mbele akimhimiza dereva, akipiga simu, akiuliza kwa nini tunapunguza mwendo kwenye kona. Sikumtania.

Ma Edvina alitupokea mlangoni kwa kitenge kipya, kichwa kimefungwa vizuri, macho yake yana ukungu wa uzee lakini tabasamu lipo palepale.

"Mwasibota, baana bange! Karibuni wanangu, karibuni. Mmechoka na safari."

Tukapiga magoti tukamwamkia. Kikapu kidogo cha akamwani, kahawa ya kutafuna, kikazunguka, kila mtu akachukua buni zake akatafuna, kama adabu inavyotaka. Joanitha alitia zake mdomoni na kusahau kuzitafuna. Macho yake yalikuwa yanapita ukutani, juu, chini ya dari, pale ambapo kila nyumba huku hutundika picha zake. Misumari ilikuwapo. Fremu zilikuwa zimeegemezwa chini, tupu.

"Shangazi, picha ziko wapi?"

"Zipo uani, mwana wange. Nimewapunguzia kazi." Akasema hivyo kwa fahari kabisa. "Zilikuwa chafu, zimejaa tope la ukuta. Nikasema, wageni wanatoka Bukoba mjini, niwaonyeshe uchafu? Nimezifua moja moja. Zimetakata!"

Joanitha akatoka. Nikamfuata.

Zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba ya nguo, zimepangwa kwa ukubwa. Chini palikuwa na karai la povu na brashi ya kusugulia kola za mashati. Alizisugua kwa Omo na kwa nguvu zake zote za mwanamke aliyelima kibanja maisha yake yote. Zilikuwa nyeupe. Moja ilibaki na pembe ya kijani, pengine mgomba. Nyingine ilibaki na kiatu.

Joanitha alizigeuza moja moja mpaka akakuta yenye maandishi nyuma, mwandiko wake mwenyewe, wino umefifia: *Ukumbusho kwa shangazi, mimi Kemilembe.* Akaigeuza mbele. Hapakuwa na kitu. Akaipeleka kwenye mwanga, akaiinamisha, akaisogeza hadi puani. Hapakuwa na kitu.

Akaingia nayo kwenye migomba, haraka, anakwenda bila njia, mimi nyuma yake nikikwepa majani.

"Ningempiga, Nuriat," alisema aliposimama. "Haki ya Mungu ningempiga. Mama mzee yule. Nani amemwambia afue? Nani amemwambia?"

"Hakuna aliyemwambia."

"Nilipaswa kusema usiguse. Neno moja! Nilifurahi nikakata simu kama mjinga."

Akalia. Nami nikalia, na nilikuwa na hasira na yule mzee mwenye kitenge kipya, na nilikuwa na aibu kwa kuwa na hasira naye, kwa sababu hata mama yangu angefanya vilevile. Sisi huku mgeni hapewi kikombe kisichosuguliwa. Tungeletewaje picha zenye tope?

Tuliporudi, Anatory alikuwa amesimama uani ameshika kofia. Alinitazama, nikaelewa anauliza nani atamwambia. Ma Edvina alikuwa ametoka naye, anaipapasa kamba, akihesabu vibanio kwa vidole.

"Mbona hamsemi? Hazikutakata?"

Hapo ndipo nilipotambua kwamba macho yake hayazioni. Kwake zilikuwa zimeanikwa picha zake zote, safi.

Joanitha alifungua mdomo, na mimi nilijua kilichokuwa ulimini, nikamwomba Mungu amsaidie akimeze.

"Zimetakata, shangazi," akasema.

"Nilijua tu." Mzee akanyoosha mkono. "Nipe ya Kemilembe. Umeishika wewe, eti?"

Akapewa. Akaishika kwa mikono miwili mbele ya uso wake, na kidole gumba chake kikaanza kutembea juu ya ile karatasi, polepole, kama anayefuata mstari.

"Nikiamka huwa naanza na huyu, waitu, kabla hata ya kusali. Huyu hapa. Gauni la njano lenye mfuko. Mfuko alijaza buni, unaona ulivyovimba? Krismasi ile, hapa hapa uani, mpiga picha alikuja na baiskeli. Meno haya ya mbele yameachana, ya baba yako kabisa. Paji la uso lilikuwa na alama, alijigonga mlangoni siku ile ile asubuhi, akagoma kulia. Nyusi hizi ameziinua. Ana kiburi huyu!"

Kidole kilisimama karibu na katikati ya ule weupe.

"Ila mpiga picha alikasirika. Alimwambia atazame huku, tazama huku, mtoto hataki. Macho yamekwenda pembeni. Alitaka kuipiga tena, nikamwambia achana nayo, hivyo hivyo inatosha."

"Alikuwa anatazama nini?" Joanitha aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Umesahau?" Ma Edvina akacheka. "Si wewe? Ulikuwa umesimama pale kwenye mlango wa jiko, umejitwisha kikapu kichwani, unacheza kama mwendawazimu ili acheke. Anakutazama wewe. Tazama mwenyewe uone."

Akamrudishia ile karatasi. Joanitha aliipokea kwa mikono miwili, akaketi chini pale pale uani, kwenye udongo uliolowa povu, akaiweka magotini na kuiinamia. Alikaa hivyo muda mrefu. Anatory alikwenda kuzima gari ambalo dereva alikwisha liwasha.

"Umemwona?" shangazi akauliza.

"Nimemwona, shangazi," akasema Joanitha.